Ujumbe wa Simu Tuupime Kwanza

Somo letu la safari hii halihusu mbegu, wala mikopo, wala kuku. Linahusu maneno. Tunataka tuzungumze juu ya maneno ya afya yanayotufikia kwenye simu, hasa wakati wa ugonjwa wa kuenea. Tumelichagua kwa sababu maneno kama hayo yanaweza kumlaza mtu kitandani. Tena tumelichagua kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kukosea, na ni afadhali mjifunze kwa kosa letu kuliko kwa kosa lenu.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
(a) kueleza kwa nini habari ya uongo huenea upesi wakati wa hofu;
(b) kuupima ujumbe wa afya kwa maswali manne kabla ya kuufuata au kuusambaza;
(c) kumrekebisha mwenzake kwa heshima bila kuleta ugomvi.

Muda: saa moja na nusu. Vifaa: simu moja yenye intaneti ikiwezekana, karatasi na kalamu. Kama hakuna simu hiyo, msiahirishe somo. Masikio yanatosha.

KOSA LETU

Mnakumbuka Machi 2020. Tarehe 13 ya mwezi huo serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya. Siku chache baadaye shule zikafungwa, ibada zikasimamishwa, na vikundi vikaacha kukutana. Tangu hapo mazungumzo yetu na nyinyi yakawa ya simu tu.

Siku hizo mmoja wetu akapokea ujumbe. Ulisema hivi: kila asubuhi vuta pumzi, uishikilie kwa sekunde 10. Kama hukukohoa wala kifua hakikubana, basi huna korona. Ukaendelea kusema kwamba mtu akinywa maji kila baada ya dakika 15, virusi vitasombwa kutoka kooni hadi tumboni na kufia huko. Ujumbe ulipangwa vizuri, ukataja madaktari wa ng'ambo na chuo kikuu cha Marekani. Tukaupenda. Haukuhitaji pesa, wala dawa, wala safari ya hospitali. Tukaona tumepata kitu cha kuwasaidia watu wetu, tukautuma kwa viongozi wa vikundi. Nao wakautuma kwa wanachama. Hatukumwuliza mhudumu wa afya hata mmoja.

Miezi michache baadaye, mweka hazina wa kikundi kimoja, ambaye hatutamtaja, alishikwa na kikohozi kidogo na uchovu. Alivuta pumzi, akahesabu hadi kumi. Hakukohoa. Akasema moyoni, haya ni mafua tu. Akaenda kumtunza baba yake, mzee mwenye ugonjwa wa sukari, akampikia na kulala huko siku nne. Wiki iliyofuata mzee akaanza kuhema kwa shida. Alipelekwa hospitali, akawekewa oksijeni, lakini hakurudi nyumbani. Binti alipopimwa, akapatikana na virusi.

Nani alimwambukiza nani, hakuna awezaye kusema. Mzee alikuwa na wageni wengine pia. Lakini mama yule alituuliza swali ambalo halijatutoka hadi leo: "Ule ujumbe wa kushika pumzi mliotutumia, nyinyi mliutoa wapi?"

Tulikuwa na jibu moja tu: "Nasi tulitumiwa."

Hilo si jibu. Na ndiyo maana tunaandika somo hili.

Ukweli wa mambo ni huu. Mtu mwenye virusi vya korona anaweza kushika pumzi vizuri kabisa, hasa siku za mwanzo. Na mtu mwenye pumu anaweza kushindwa kushika pumzi hali hana virusi. Njia ya kujua ni kupimwa. Nayo maji ni mazuri kwa mwili, lakini hayasombi virusi. Virusi huingia kwa njia ya pumzi na kujipenyeza ndani ya mwili kuanzia puani na kooni. Havikai hapo juu juu kama unga ungojee kusuuzwa.

KWA NINI UONGO HUKIMBIA

Kuna msemo wetu: lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja. Wazee walikuwa na maana yao, nasi hatuupuuzi. Lakini katika mambo ya afya msemo huu umetuponza. Mambo mengi yaliyosemwa mwaka wa 2020 hayakuwapo, na hadi leo hayajafika. Basi kwa nini tuliyapokea?

Kwanza, ni hofu. Mtu mwenye hofu hawezi kukaa bure. Anatafuta jambo la kufanya, na ujumbe humpa jambo la kufanya mara moja. Daktari akisema "bado tunachunguza", lakini simu ikisema "kunywa hiki upone", masikio yatafuata simu.

Pili, ni upendo. Ujumbe hauji na mgeni. Unaletwa na dada, shangazi, mwalimu wa shule ya Jumapili, au mwenyekiti wa kikundi. Sisi huangalia uso wa aliyeuleta, na kusahau kwamba yeye naye aliupokea tu. Mtu mwema anaweza kubeba habari mbaya, kama vile mkono safi unavyoweza kubeba maji machafu.

Tatu, uongo huchanganywa na ukweli kidogo. Ujumbe ule tuliotuma ulisema kunywa maji ni vizuri. Hiyo ni kweli. Kile kijiko cha ukweli ndicho kilichotufanya tumeze sufuria nzima.

Nne, kusambaza ni rahisi. Zamani, kupeleka habari kijiji cha pili kulihitaji miguu, na njiani mtu alipata nafasi ya kufikiri. Siku hizi kidole kimoja hufikisha neno kwa watu mia kabla chai haijapoa.

Lakini tusiseme kosa ni la simu peke yake. Mwaka wa 2003, katika jimbo la Kano kaskazini mwa Nigeria, ulienea uvumi kwamba chanjo ya polio ina dawa ya kuwafanya wasichana wawe tasa. Wakati huo watu wachache tu huko walikuwa na intaneti. Chanjo ikasimamishwa kwa miezi mingi. Polio ikaibuka tena, ikavuka mipaka na kuingia nchi nyingine nyingi, na watoto wengi wakapooza. Nigeria ilichukua muda mrefu kurudi pale ilipokuwa. Ni mwaka wa 2020 ndipo Afrika ilipotangazwa kuwa imemaliza virusi vya asili vya polio. Neno ni jepesi kulitoa, lakini kulirudisha ni kazi ya miaka.

Kwa hivyo uvumi ni wa zamani. Simu imeuongezea mbio tu. Februari 2020, hata kabla korona haijafika kwetu, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuonya kwamba dunia inapigana na magonjwa mawili: virusi, na mafuriko ya habari za uongo. Aprili mwaka huo kampuni ya WhatsApp ikaweka kizuizi: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi usiweze kutumwa zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja.

YALIYOSEMWA, NA UKWELI WAKE

Haya ni baadhi ya mambo tuliyoyasikia vijijini. Mwezeshaji asome neno kwanza, awaulize wanakikundi kama walilisikia, kisha ndipo asome ukweli wake.

1. "Korona haimshiki mtu mweusi, na jua letu linaiua." Si kweli. Kenya peke yake ilihesabu vifo zaidi ya 5,600, na hao ni wale walioandikishwa. Wengine walizikwa bila kupimwa.

2. "Tangawizi, ndimu na kitunguu saumu huponya." Hivi ni vyakula vizuri, na chai ya tangawizi hutuliza koo. Endeleeni kuvitumia. Lakini haviui virusi vya korona. Hatari yake ni pale mgonjwa anapokaa nyumbani na sufuria ya dawa hizi wakati angekuwa hospitali akipata oksijeni.

3. "Jifukize kwa mvuke uunguze virusi." Mvuke unaweza kufungua pua iliyoziba. Lakini virusi vikishaingia mwilini, mvuke wa kuviua ungemwua mtu kwanza. Tena maji ya moto huunguza, hasa watoto wanaojifunika blanketi pamoja na wakubwa.

4. "Pombe kali huosha koo." Pombe ya kupaka mikononi, yenye nguvu ya asilimia 60 au zaidi, huua virusi mikononi. Kuinywa ni jambo lingine. Huko Iran, mapema mwaka wa 2020, mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli, na wengi wao walikuwa wamesikia kwamba pombe ni kinga. Na sisi tulio na historia ya pombe haramu inayopofusha watu hatuhitaji kufundishwa methanoli ni nini.

5. "Klorokwini inatibu." Wengi wetu tunaikumbuka klorokwini, dawa chungu ya malaria, kabla serikali haijaiondoa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998. Machi 2020, baada ya rais wa Marekani kuisifu, watu kadhaa walilazwa huko Lagos kwa kuimeza kupita kiasi. Juni mwaka huo utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba haidroksiklorokwini, ambayo ni ndugu yake, haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, iliokoa maisha ya baadhi ya wagonjwa waliohitaji oksijeni. Oneni tofauti: hawa walipima dawa zote mbili, wakasema wazi ipi imefaa na ipi haikufaa.

6. "Chanjo ina kidude cha kumfuata mtu, inafanya watu wawe tasa, ni chapa ya mnyama." Chanjo za kwanza za korona zilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021, zaidi ya dozi milioni moja, na uvumi ulikuwa umezitangulia. Hakuna kidude ndani yake, wala haiondoi uzazi. Kuhusu chapa ya mnyama, mwumini hamkani Mungu wake kwa kukubali sindano ya kujikinga, kama vile hamkani kwa kulala ndani ya neti. Lakini tuseme na upande wa pili. Wengi walipata homa, maumivu ya mkono au ya kichwa kwa siku moja mbili. Na chanjo ya AstraZeneca iligunduliwa kuleta tatizo la kuganda kwa damu kwa watu wachache sana. Jambo hilo halikufichwa. Madaktari wenyewe walilitangaza mwaka wa 2021.

MBONA WATAALAMU NAO HUGEUZA MANENO?

Swali hili tumeulizwa katika mikutano mingi, nalo ni la haki. Mwanzoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wote kuvaa barakoa. Hapa kwetu serikali iliagiza zivaliwe hadharani kuanzia Aprili. Juni 5 shirika hilo nalo likabadilisha ushauri wake. Watu wakasema, "Si mnaona, hata wao hawajui."

Fikirini juu ya mkulima. Mwaka wa kwanza anapanda mbegu mpya kwa nafasi fulani. Akivuna na kuona mimea ilibanana, mwaka wa pili anapanua nafasi. Je, tutamwita mwongo? Amejifunza. Mwongo ni yule anayesema jambo lilelile hata baada ya shamba kumkatalia. Kwa hivyo mtu anayesema "tulifikiri hivi, sasa tumeona vile" ana haki ya kusikilizwa. Yule asiyekubali kamwe kwamba amekosea, mwogopeni.

MASWALI MANNE YA KUPIMA UJUMBE

Tangu siku ya swali la yule mama, sisi hutumia maswali haya manne. Tunawaomba myaandike kwenye daftari la kikundi.

La kwanza: Umetoka kwa nani hasa? Si nani amenitumia, bali nani aliusema kwanza. "Daktari mmoja" bila jina wala mahali pa kazi si daktari. Kwenye WhatsApp, mishale miwili juu ya ujumbe huonyesha kwamba umepita mikono mitano au zaidi. Huo umezunguka sana na mwenyewe hajulikani.

La pili: Unanisukuma? Ujumbe unaosema "tuma upesi kwa watu 20", "hawataki ujue haya", au "kabla haujafutwa", unataka usifikiri. Haraka haraka haina baraka.

La tatu: Nani mwingine anasema hivyo? Mwulize mhudumu wa afya ya jamii, muuguzi wa zahanati, au msikilize daktari akihojiwa redioni. Mwaka wa 2020 Wizara ya Afya ilifungua namba 719 ya kupiga bila malipo. Wengi wetu tuliokuwa na swali hatukuipiga. Angalieni pia: watu watano wakirudia ujumbe uleule, hao si mashahidi watano. Ni shahidi mmoja aliyerudiwa mara tano.

La nne: Nikiufuata na uwe uongo, nani ataumia? Ujumbe wa kunawa mikono, hata ukikosea mahali, hauui mtu. Lakini ujumbe wa kuacha dawa, kuacha chanjo, kutokwenda hospitali, au kunywa kitu usichokijua, huo usiufuate wala usiutume mpaka umepata jibu la swali la tatu.

KUMREKEBISHA MTU KWA HESHIMA

Hapa ndipo penye ugumu. Kijana anajua ujumbe ni wa uongo, lakini aliyeutuma ni shangazi yake. Akimjibu mbele ya ukoo wote, "Shangazi, huo ni uongo", shangazi ataaibika, ataushikilia zaidi, na ukoo utagawanyika.

Afadhali ampigie kando na kumwambia: "Shangazi, asante kwa kutukumbuka. Ule ujumbe nimemwuliza muuguzi wa zahanati yetu, naye amesema dawa ile inaweza kuharibu ini. Nimeona nikwambie wewe kwanza. Unaonaje ukiwaambia wengine mwenyewe? Wewe watakusikiliza." Shangazi amebaki na heshima yake, na habari ya kweli imetoka kinywani mwa mtu anayesikilizwa.

Na ukikosea wewe? Rudi kwa njia ileile uliyoipitia. Sisi tuliwapigia viongozi wa vikundi vyote tulivyovitumia ule ujumbe, mmoja mmoja, tukasema: tulikosea, tafadhali waambieni wanachama. Ilikuwa aibu. Viongozi wengine walicheka, wengine walinyamaza. Lakini tangu hapo wanatuuliza, "Hili mmelipima?" Nasi tunafurahi kuulizwa.

Msiwasahau wenye simu ndogo za mulika mwizi. Wao hawaoni ujumbe, lakini huusikia kisimani, sokoni na kwenye boda boda, tayari umeongezwa chumvi. Marekebisho nayo yawafikie kwa mdomo, katika mkutano wa kikundi na baraza la chifu.

ZOEZI LA KIKUNDI

Kaeni duara. Mwezeshaji amnong'oneze wa kwanza maneno haya: "Muuguzi amesema watoto wa chini ya miaka mitano waletwe zahanati Jumanne asubuhi, na kila mama aje na kitabu cha kliniki." Kila mmoja amnong'oneze jirani yake mara moja tu. Wa mwisho ayaseme kwa sauti. Mtacheka, bila shaka. Baada ya kucheka jiulizeni: ni nani hapa aliyekusudia kudanganya? Hakuna. Na bado neno limepotoka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni ujumbe gani wa afya uliowahi kuusambaza bila kuupima? Kiongozi aanze kujibu, ili wengine wasione haya.
2. Katika kijiji chetu, tukitaka kuuliza jambo la afya, tutamwuliza nani? Andikeni jina na namba yake ya simu.
3. Je, kikundi kinaweza kukubaliana kwamba ujumbe wa dawa au chanjo hautumwi kwa wanachama mpaka mhudumu wa afya aulizwe? Nani atakuwa na kazi ya kumwuliza?
4. Someni Mithali 18:17. Inatufundisha nini juu ya habari inayofika kwanza?

KWA KUMALIZIA

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Lakini magonjwa hayajaisha. Julai 2024 ugonjwa wa mpox ulipatikana Taita Taveta, na simu zikaanza kulia tena. Ugonjwa mwingine utakuja, na siku ya kwanza ya ugonjwa huo ujumbe utafika kabla ya dawa.

Siku hiyo ikifika, asiwepo kati yetu wa kusema tu, "Nasi tulitumiwa." Mkishalifanya somo hili, tuandikieni au mtuelezee tutakapowatembelea: mlikubaliana nini, na nani amepewa kazi ya kuuliza. Tutafurahi kujifunza kwenu.